Maneno ya Melini

Nilicheka kanisani. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini wanawake wa benchi la mbele waligeuka wakanitazama, na mmoja akanipitishia kitambaa akidhani nalia. Ilikuwa ibada ya kumuaga Mzee Kilonzo, huko Njiru, kabla jeneza halijapakiwa garini kupelekwa kwao Ukambani. Mjukuu wake Mwikali, msichana mwenye sauti nzuri, alikuwa akisoma wasifu wa marehemu. Alisoma habari za vita vya Burma, za uenyekiti wa chama cha askari wa zamani, za vinyago alivyovichonga vikanunuliwa na Wazungu. Kisha akafika mwisho. "Babu alituacha alfajiri, bila mateso. Alikunywa maji kidogo, akaita jina la nyanya, akafumba macho." Watu wakasema amina. Mimi nikacheka, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyapiga taipu kwa vidole vyangu mwenyewe nikiwa msichana, tena na tena, na kila mara aliyekufa alikuwa mtu mwingine.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nikilala kwa Mama Ndunge, mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kwenye zile nyumba za mawe zenye paa la vigae. Hakuwa ndugu yangu. Alinipangisha nusu ya chumba chake, na mpaka wetu ulikuwa pazia la maua lililofifia kwa kufuliwa. Upande wake kulikuwa na kitanda cha chuma, meza, na sanduku la bati alilokalia akimenya viazi. Upande wangu kulikuwa na godoro, ndoo na msumari wa kuangikia nguo. Picha ya mume wake, Muli, ilitundikwa nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi huioni, na kwa Mama Ndunge mlango ulikuwa wazi kutwa. Ukifungwa jioni ndipo anapotokea: kijana mwembamba, kaptura pana, kofia imekunjwa upande mmoja, anaitazama kamera kana kwamba anataka kuiuliza kitu. Nilimuuliza Mama kwa nini asiitundike pale juu ya meza, watu waione. Akasema, "Huyo jeshi lilimwandika kwamba amejificha. Basi mwache ajifiche." Alisema huku anacheka, nami nikajifunza mapema kwamba Mama Ndunge akicheka hivyo ni vizuri kutafuta la kufanya.

Muli alichukuliwa na jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya pili, akavushwa bahari hadi Burma, hakurudi. Wanawake wengine wa kijiji chao waliofiwa na waume huko waliletewa habari, wakapewa kiinua mgongo kidogo, na majina ya waume wao yakasomwa kanisani. Mama Ndunge yeye aliletewa chifu. Jeshi lilikuwa limemwandika Muli mtoro, na mtoro hutafutwa nyumbani kwake. Chifu alikuja na askari wake wakaangalia ghalani, wakachoma mkuki kwenye majani ya paa, wakageuza kitanda. "Mume wangu yuko kwenye udongo wa Burma," Mama aliniambia, "na wao wanamtafuta chini ya kitanda changu, mimi nimesimama pale na mimba aliyoniachia akiondoka." Ile sehemu ya mshahara wa Muli aliyokuwa akitumiwa ikakatwa. Wakweze wakasema kijana wao amepata mwanamke ng'ambo, majirani wakasema anamficha msituni na kumpelekea chakula. Alipomzaa Ndunge alimbeba mgongoni akaja Nairobi, na hakurudi kule hata kwa matanga.

Kitu kimoja kilimshikilia miaka yote hiyo. Vita vilipokwisha, askari mmoja aliyekuwa koplo wa Muli alimtafuta mpaka akampata, akaketi kwenye kigoda chake, akavua kofia. Alimwambia kwamba Muli hakutoroka. Alikufa vitani, alfajiri, kwa risasi ya kifua, hakuteseka. Alikunywa maji kidogo kutoka kwenye chupa ya koplo, akaita jina la mkewe, akafumba macho. Mama alinieleza hayo jioni moja tukichambua maharagwe, kwa sauti ya mtu anayesoma aya anayoijua. Alisema tangu siku ile aliweza kula chakula kikashuka. Koplo huyo alikuwa Kilonzo.

Kila Jumamosi Kilonzo na wenzake walikutana kwenye ukumbi wa mtaa. Mama Ndunge aliwapikia, na mimi nilimsaidia kubeba sufuria kuvuka kiwanja cha nyasi. Aliwapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wenye mbaazi, na chai iliyochemka na maziwa na tangawizi mpaka ikabadilika rangi. Hawakumwomba apike. Alijipa kazi hiyo mwenyewe, na sahani ya Kilonzo ndiyo aliyoijaza kwanza. Kilonzo alikuwa mchongaji, na hata mkutanoni hakuacha kazi. Aliketi kwenye benchi la ukutani na twiga au swala mapajani, akipaka kiwi, ile rangi ya viatu, na kusugua kwa kitambaa, na ukumbi mzima ulinuka kiwi na chai. Mti ukiwa na ufa aliujaza vumbi la mbao na gundi, akapaka rangi juu, na mnunuzi hakujua kamwe. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye kifundo. Aliniita Karani kwa kunitania kabla sijawa karani wa mtu yeyote. Pembeni yake aliketi Mzee Salim wa Majengo, aliyekuwa dereva wa lori la jeshi huko Burma pamoja na Kilonzo na Muli, mtu mfupi wa kanzu safi na koti kuukuu juu yake, mwenye mazoea ya kuleta mahamri ya mkewe yamefungwa kwenye gazeti. Vijana wa mtaa walipita madirishani wakipiga kelele: "Niaje, mbuyu! Leta story ya Burma!" Wazee, ambao ndio hao mbuyu, walijifanya hawasikii. Salim peke yake ndiye aliyewajibu, na alichowajibu siwezi kukiandika.

Ndipo akaja Bwana Ochola. Alikuwa ametumwa na mradi wa kuhifadhi kumbukumbu za askari wa zamani, kabla hawajaisha wote. Alikuwa na mashine ya kurekodi, mkoba wa kanda na miwani iliyoshuka puani kila alipoinama. Alitaka kila mzee alete cheti chake cha jeshi kinakiliwe, na kila mzee aketi aseme aliyoyaona. Halafu, akasema, majina ya waliofia vitani kutoka katika familia za mtaa huu yatachongwa kwenye ubao, nao utatundikwa hapa hapa ukumbini, na nakala ya majina itapelekwa serikalini. Kilonzo, akiwa mwenyekiti na fundi, akapewa kazi ya kuuchonga. Mama Ndunge alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakungoja wazee wamalize kupiga makofi.

"Na aliyeandikwa mtoro?" akauliza.

Bwana Ochola akaisukuma miwani. Alieleza kwa upole, kwa sababu alikuwa mpole, na mara nyingi nimetamani angekuwa mkali tukamchukia moja kwa moja. Mtu aliyeandikwa mtoro hawezi kuingia ubaoni mpaka watu wawili waliokuwa naye wathibitishe, kwa maelezo yanayolingana, kwamba hakutoroka.

"Wapo," Mama akasema, na akawaelekezea Kilonzo na Salim mdomo wa birika. "Huyu na huyu."

Mimi nilikuwa nimejifunza taipu katika chuo kimoja kule River Road, na sikuwa na kazi. Bwana Ochola akaniajiri kusikiliza kanda na kuandika. Kwa miezi kadhaa niliketi katika chumba cha nyuma cha ukumbi, penye viti vilivyovunjika na ngoma ya skauti, nikiwasikiliza wazee wanaongea masikioni mwangu. Walikuwa watamu kuwasikiliza, lazima niseme. Walieleza habari za matope yaliyomeza magurudumu, ruba waliotolewa kwa sigara, nyama ya kopo waliyoichoka mpaka leo, wimbo walioimba wakipanda mlima. Na walieleza habari za wenzao waliokufa. Mmoja alikufa alfajiri, risasi ya kifua, akanywa maji, akaita jina la mkewe. Wiki iliyofuata mwingine, alfajiri, risasi ya kifua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kumwona mtu akifa. Nilidhani vita huua hivyo, kama vile malaria inavyowatetemesha watu wote namna moja. Kanda ya Kilonzo kuhusu Muli niliipiga taipu huku nalia. Ya Salim kuhusu Muli ilikuwa fupi, alisema maneno yale yale haraka haraka kama mtu anayevuka barabara, kisha kanda ikanasa kiti kikiburuzwa.

Mama alifurahi mwezi ule kuliko nilivyomwona tena maishani. Maelezo mawili yanalingana, Bwana Ochola amesema sawa, jina litaingia. Alinunua kitambaa kipya cha meza. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta ameitoa picha nyuma ya mlango, ameifuta kioo kwa gazeti lenye maji, ameiegemeza ukutani juu ya meza, bado hajaipigilia. "Nangoja ubao," akasema. "Siku ya ubao ndiyo siku ya msumari."

Kilichoharibu mambo ni wema wa Bwana Ochola. Aliona kuwa wajane wa wale waliotajwa hawajasikia sauti kutoka kwenye mashine, akaona ni haki yao. Akawaalika siku moja alasiri waketi ukumbini wasikilizishwe sehemu za waume wao. Wazee walipopata habari walipinga. Kilonzo alisema mambo ya vita si ya kusikiliza kwa kundi. Wengine walisema wanawake watalia, itakuwa aibu. Hakuna aliyesema sababu yenyewe, na Bwana Ochola alidhani ni haya ya wazee. Wanawake wakaja wakiwa wamevaa leso safi, wakaketi kwenye mabenchi wameshikana mikono. Mimi ndiye niliyebonyeza mashine.

Sauti ya kwanza ilieleza juu ya mume wa mama mmoja wa Makongeni. Alfajiri, risasi ya kifua, hakuteseka. Alikunywa maji kutoka kwenye chupa yangu, akaita jina la mkewe. Yule mama akalia kwa sauti na wenzake wakamshikilia, wakasema pole, pole mama. Nikabadilisha kanda. Sauti ya pili ilikuwa ya mzee mwingine, kuhusu mume wa mwanamke aliyeketi nyuma kabisa. Alfajiri, risasi ya kifua, maji, jina. Kilio kikaanza, halafu kikakatika chenyewe. Niliona wanawake wawili wakitazamana. Miaka thelathini na ushee kila mmoja alikuwa ameletewa maneno yake nyumbani kwake, mlango umefungwa, akayaweka kama kitu chake peke yake. Hakuna mjane anayemwonyesha mwenzake kitu kama hicho. Sasa mashine ilikuwa imeyatoa yote mbele ya mabenchi. Niliweka kanda ya Kilonzo kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya kuendelea. Alipofika kwenye maji, Mama Ndunge alisimama, akatembea hadi mezani, akabonyeza mashine mwenyewe ikanyamaza. Akachukua sufuria zake akatoka. Kilonzo alikuwa ukutani na kitambaa cha kiwi mkononi, hakuinua kichwa.

Salim ndiye aliyekuja. Alitukuta jikoni, Mama anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Alisimama mlangoni amevua kofia yake ya kitambaa, akaomba ruhusa ya kuketi, akaketi kwenye sanduku la bati.

"Mama Ndunge, yale maneno tulipewa melini," akasema. "Tukirudi. Kulikuwa na sajini mmoja, mtu mzima, akatukusanya juu ya sitaha. Akasema mtafika makwenu, na kila mlango mtaulizwa. Mama atauliza, mke atauliza. Je, mtasema mliyoyaona? Mtamwambia mke wa mtu kwamba mumewe alikatika kiuno akalia mchana kutwa? Basi akatufundisha. Alfajiri, kifua, maji, jina. Tuliyakariri mpaka tukayashika kama Fatiha. Tukaapa kila mmoja atapeleka kwa jirani zake. Wallahi hatukutaka ubaya."

"Muli," Mama akasema. Hakugeuka.

"Muli alikuwa anahara damu." Salim alikuwa akiikunja ile kofia na kuikunjua. "Mvua, njia hakuna, lori langu lilizama tukaliacha, nikawa natembea nao. Amri ilikuwa wagonjwa wabebwe. Wakambeba kwa machela siku nzima. Siku ya pili watu wenyewe hawawezi kujibeba. Koplo akasema tumweke chini ya turubai kando ya njia, tufike kambini, turudi na watu wenye nguvu. Muli alimshika mguu wa suruali. Koplo akavifungua vile vidole kimoja kimoja. Tukaenda. Mto ukajaa nyuma yetu, hakuna aliyerudi. Jioni afisa akaita majina. Akifika kwa Muli, Koplo angesema nimemwacha mgonjwa, angevuliwa cheo, angefungwa. Akasema sijui, alibaki nyuma, sikumwona tena. Ndiyo Mzungu akaandika mtoro."

Maji ya bomba yalikuwa yakitiririka bure, na mimi niliyeambiwa kila siku nisipoteze maji sikuthubutu kuyafunga.

"Mlimwachia maji?" Mama akauliza.

"Maji ya mto yalikuwa na maiti," Salim akasema. "Mtu alikunywa ya chupani tu, yaliyochemshwa. Tuliichukua chupa yake. Tuliona yeye haitamfaa."

Mama Ndunge alifunga bomba. Alimwambia Salim, "Kesho utayasema hayo kwa mashine," na Salim akasema atayasema. Akayasema kweli, asubuhi, neno kwa neno, nami nikayapiga taipu bila kukosea hata herufi moja kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na hasira. Lakini Bwana Ochola alipoyasoma alikunja uso. Sasa alikuwa na mashahidi wawili na habari mbili. Hazilingani.

Kilonzo alikuja nyumbani kwetu jioni ile. Mlango ulikuwa umefungwa, akabisha, nikamfungulia. Alimwona Muli juu ya meza, amevaa kofia yake ya upande, na akageuza kiti ili akae kumpa mgongo. Alinuka kiwi. Aliongea kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha yake ya amri.

"Mama Ndunge, mambo ni rahisi. Mwambie Salim arudi kwa ile ya kwanza. Mimi niseme yangu, yeye aseme kama yangu. Zikilingana, Muli anaingia. Mbao tayari iko kwangu, na mimi mwenyewe nitamchonga. Nitamchonga juu kabisa."

"Au wewe ufuate ya Salim," Mama akasema. "Hata hizo zitalingana."

"Hiyo siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nina watoto. Nina wajukuu. Mimi ni mwenyekiti." Alitazama mikono yake. "Nikisema hiyo, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa aliyemwacha Muli. Si ndiye wewe?"

"Nilikuja kwako," Kilonzo akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Wengine hawakwenda kwa wake za watu. Mimi nilikutafuta, nikakupa maneno ukalala usingizi. Miaka yote unakula kwa sababu ya yale maneno. Sasa unataka nini, jina au unataka kuniua?"

Nilikuwa nyuma ya pazia langu nikiomba akubali. Nasema wazi, nilitaka akubali. Neno moja tu kwa Salim, na Muli anatoka kwenye utoro, serikali inamwandika marehemu, msumari unapigiliwa. Nani angedhurika? Wajane wengine wote walikuwa wameamua hivyo. Walikwenda nyumbani na maneno yao ya melini kama walivyokuja nayo, wakayarudisha mahali pake, na majina ya waume wao yalikuwa tayari kuchongwa.

"Chifu alipokuja," Mama akasema, "alisema uongo wenu na akamtafuta mume wangu chini ya kitanda. Wewe ulikuja na uongo mwingine nikakupakulia chakula. Nimekupakulia wewe kwanza, Kilonzo, kila Jumamosi, kwa sababu ya chupa yako. Simtaki Muli kwenye ubao kwa mdomo wako. Toka."

Alitoka. Ubao ulitundikwa baada ya Pasaka, na kulikuwa na hotuba, tarumbeta na soda. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema haukuwa mzuri. Herufi zilikuwa nzito, zimepakwa kiwi mpaka zinameremeta, na Muli hakuwemo. Kilonzo alipigwa picha akiwa amesimama kando yake na nishani zake zote kifuani. Mama hakukanyaga tena ukumbi ule. Jumamosi alipika muthokoi wake kama kawaida, mwingi kupita kiasi, tukala sisi wawili mpaka Jumatatu. Picha aliirudisha nyuma ya mlango. Mimi nilimkasirikia wiki nyingi, nikamjibu vibaya kwa mambo madogo ya ndoo na mkaa, na aliniacha nijibu. Mpaka leo sijui kama alifanya vyema. Ninapokuwa na nguvu namwona shujaa. Nikichoka namwona mwanamke mkaidi aliyemwacha mumewe kando ya njia mara ya pili. Yeye mwenyewe alifariki Kaloleni pale pale. Ndunge alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitoa picha mlangoni, na iko kwangu, ukutani, juu ya meza.

Salim naye alifariki, na kanda yake ilipotea pamoja na mradi. Nilipouliza ofisi moja baada ya nyingine niliambiwa kanda zilizokuwa na ushahidi usiolingana hazikuhifadhiwa. Wakabaki watu wawili wanaojua, mimi na Kilonzo, na Kilonzo akawa haishi kuishi. Alihamia Njiru kwa mwanawe, wakamjengea chumba nyuma ya nyumba. Nilianza kumtembelea. Watu wa kwake walinisifu kwa moyo wangu mwema, na sikuwasahihisha. Nilikwenda kwa hasira. Kila mara nilimwambia, Mzee, wote wamekwisha, sema basi, na kila mara alinionyesha kinyago cha kifaru alichokuwa akichonga akaniuliza kama Wazungu bado wananunua.

Mara ya mwisho hakuwa na kifaru. Alikuwa amelala kitandani wiki nyingi, amekauka, na familia ilikuwa kazini. Ilikuwa adhuhuri, jua linachoma bati. Alikuwa akiugua kwa sauti ndogo kila alipopumua. Nilivuta kiti, nikawasha simu irekodi, nikaiweka kwenye mto.

"Mzee Kilonzo. Ni mimi, Karani wa Kaloleni. Sema habari ya Muli."

Alifungua macho, akanitazama muda mrefu. Alinijua. "Maji," akasema.

Jagi lilikuwa dirishani, mahali asipoweza kufika. Nilimimina kwenye kikombe cha plastiki, nikarudi nacho, nikakaa. Sikumpa. Nilikishika kile kikombe, simu inahesabu, na moyoni nikamwambia, sema kwanza. Neno moja, kisha unywe. Nilijua angesema. Alikuwa akikitazama kikombe, si mimi, na ule mkono mweusi ulijivuta juu ya blanketi mpaka ukashika sketi yangu. Haukuwa na nguvu. Ningeweza kuvifungua vile vidole kimoja kimoja.

Nilimwinua kichwa nikamnywesha. Mengi yalimwagika ndevuni, nikamfuta, nikamimina mengine. Alikunywa yote akalala, na baada ya hapo aliugua tu, bila neno, mpaka alasiri pumzi ikaisha. Kwenye simu yangu kuna sauti ya mzee anakunywa maji. Hakuna kingine.

Baada ya ibada Mwikali alinifuata nje, bado ameshika karatasi ya wasifu. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa na hofu, na akaniita nyanya kwa lugha ya vijana.

"Shosh, mbona ulicheka? Nilisoma vibaya?"

"Nani alikuambia uandike vile mwishoni?"

"Ni baba. Alisema ndivyo babu alitaka, ati ndivyo askari wa Burma huagwa." Akanitazama. "Kwani haikuwa hivyo? Si wewe ndiye ulikuwa hapo?"

Nilimwambia. Haikuwa alfajiri, ilikuwa mchana. Aliteseka, tena sana. Hakuita jina la mtu yeyote. Machozi yalimjaa, na nikamwona anaitazama karatasi kana kwamba imemdanganya yeye mwenyewe.

"Na maji?" akauliza.

"Maji ni kweli. Hayo nilimpa mimi. Mimi natoka nyumbani kwa Muli."

"Muli ni nani?"

Gari la maiti lilikuwa limeshawashwa, na watu walikuwa wakiitana wapande. Nikamwambia aketi, gari lingoje.